Saa ya babu haikuwepo siku ya Uhuru

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo moja lililobidi nilimalize kwanza, na jambo lenyewe ni kosa langu, kwa hiyo nimelizungukazunguka kama mtu anayedaiwa.

Desemba 2021 nchi ilipotimiza miaka 60 ya Uhuru, gazeti ninalofanyia kazi lilitoa kurasa maalumu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, bado nalipwa kwa habari iliyotoka. Mhariri akasema anataka vitu vidogo vyenye historia kubwa, si hotuba. Nikakumbuka saa ya babu. Nikaandika maneno kama 600, yakatoka na picha: babu yangu, mfanyabiashara mdogo wa mawese wa Kidahwe, mkoani Kigoma, alinunua saa ya mkononi dukani Ujiji mwaka 1961 kwa ajili ya siku ya Uhuru, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba akawa anaitazama kusubiri saa sita. Ilikuwa habari tamu. Watu walinipongeza. Mama alikata ule ukurasa akaubandika ukutani.

Miezi michache iliyopita nikapata barua pepe kutoka Muscat. Mwandishi wake ni mzee mmoja anayezungumza Kiswahili safi kuliko mimi, mtu wa familia iliyowahi kuishi Ujiji, na saa za zamani ndiyo starehe yake ya uzeeni. Alikuwa ameletewa ule ukurasa na ndugu yake. Hakunitukana. Aliandika: mwanangu, saa iliyo pichani ni Seiko 5, na mwaka 1961 Seiko 5 ilikuwa haijazaliwa. Igeuze, usome namba zilizo nyuma, kisha uniambie.

Nilisoma ile barua mara tatu. Kwa mwandishi wa habari hakuna maneno mabaya kama hayo, hasa yanaposemwa kwa upole.

Basi, kabla sijasafiri, ilibidi nijifunze kusoma namba. Na kwa kuwa najua wengi wenu mna saa za baba au babu zimelala kabatini, ngoja niwape nilichojifunza, maana si kigumu.

Saa ya kiwandani huwa na namba za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni namba ya modeli. Hiyo inasema saa ni ya aina gani, na saa maelfu zinaweza kuwa nayo. Ya pili ni namba ya mfululizo, ambayo ni ya saa hiyo pekee. Fikiria gari. Ukimwambia fundi wa Gerezani "KE70" anajua mara moja ni Corolla gani na injini ya familia gani. Hiyo ni modeli. Lakini polisi akitaka kujua kama gari lako ni la wizi, KE70 haimsaidii, anataka namba ya chasisi.

Kila kampuni ina mahali pake pa kuficha namba hizo. Rolex za zamani ndizo zenye maringo: lazima uvue mkanda, kisha upande wa saa 12, katikati ya miguu inayoshika mkanda, unakuta namba ya modeli, na upande wa saa 6 namba ya mfululizo. Omega nyingi za zamani ndiyo hazioneshi kitu mpaka ufungue mfuniko: modeli imepigwa chapa ndani ya mfuniko, namba ya mfululizo iko juu ya mashine yenyewe. Mzee wa Muscat aliniambia kwamba kwao jambo hili ni zito, kwa sababu ya Rolex zilizotengenezwa kwa ajili ya Sultani Qaboos, aliyeshika nchi Julai 1970, zenye nembo ya jambia usoni. Saa ya namna hiyo ina bei ya kutisha, kwa hiyo wajanja huchora jambia kwenye saa ya kawaida. Mnunuzi mwenye akili haangalii jambia kwanza. Anavua mkanda, anasoma namba, anajiuliza kama modeli ile na umri ule vinaweza kukaa pamoja na jambia lile.

Seiko ndiyo rafiki wa maskini, hata kwenye namba. Haifichi. Geuza saa, tazama mfuniko wa nyuma. Utaona tarakimu nne, kistari, kisha tarakimu nne nyingine. Nne za kwanza ni jina la mashine iliyo ndani. Nne za pili ni umbo la kasha. Kisha pembeni kuna namba ya mfululizo, na hapo ndipo Wajapani walipotupa zawadi: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Januari ni 1, Februari ni 2, hivyo hivyo mpaka Septemba ambayo ni 9. Oktoba ni 0, Novemba ni herufi N, Desemba ni herufi D. Zinazobaki ni hesabu tu ya saa zilizotoka mwezi huo.

Lakini zawadi ina mtego. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu moja tu. Ukikuta 4, inaweza kuwa 1974, 1984, 1994 au 2004. Ndiyo maana lazima urudi kwenye jina la mashine, kwa sababu kila mashine ilikuwa na miaka yake. Ukikuta 7S26 (ndiyo, wakati mwingine kuna herufi katikati), hiyo ilianza 1996, kwa hiyo 4 yako haiwezi kuwa 1994. Ukikuta 6309, anzia 1976 kuja mbele. Ukikuta 6119, hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya 60 hadi katikati ya miaka ya 70. Namba moja peke yake haisemi kitu. Mbili zikikutana ndiyo zinasema.

Nikapanda basi kwenda Kigoma.

Kidahwe, kwa msiofika, ni kijiji cha barabarani nje kidogo ya Kigoma mjini, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza. Michikichi, migomba, muhogo umeanikwa juu ya mawe. Nilifika jioni, nikasalimia "mwidiwe" kwa lafudhi yangu ya Dar mpaka watoto wakacheka. Babu alifariki 2016. Saa iko kwa baba mkubwa, ambaye huivaa Idi na Krismasi zote mbili (kwetu familia ni ya mchanganyiko) na siku nyingine huiweka kwenye kopo la chai lenye kitambaa. Bibi yupo, amezaliwa 1945, macho yamepungua lakini kumbukumbu inamzidi mhariri wangu.

Nikawaeleza nilichokuja kufanya. Baba mkubwa hakupenda hata kidogo. Akaniuliza kama nimesomeshwa ili nije kumwita baba yake mwongo. Nikamwambia sijamwita mtu mwongo, nataka tu kusoma namba. Akasema namba zimeandikwa na Wajapani, babu alikuwa hapa. Sikuwa na jibu la haraka kwa hilo, na kusema kweli bado sina. Tulikubaliana twende wote wawili kwa fundi saa mjini, na saa aishike yeye.

Fundi huyo ana meza ndogo yenye kioo, hatua chache kutoka barabara inayoteremka stesheni. Akaweka lenzi jichoni, akaigeuza saa. Jasho la miaka hamsini lilikuwa limeila ile chuma. Akasugua kwa mswaki, akapaka vumbi la chaki akalifuta, akamulika kwa tochi ya simu kutokea ubavuni, si kwa juu. (Nawapa na nyie siri hiyo. Mwanga wa ubavuni unafanya kila mkwaruzo utoe kivuli.) Zikatokea: 6119, kistari, 8, halafu tarakimu tatu zilizolika kabisa. Na namba ya mfululizo, tarakimu sita, zikianza na 1 na 3.

Baba mkubwa aliruka. "Si umeona? Moja! Sitini na moja!"

Nilitamani sana iwe hivyo. Machi 1961, saa imetoka kiwandani Japani, imepanda meli mpaka Dar es Salaam, imepanda treni ya reli ya kati ambayo ilifika Kigoma tangu 1914, imekaa dukani Ujiji ikisubiri Desemba. Miezi tisa, safari inatosha kabisa. Habari yangu ingesimama.

Lakini haikusimama. Kwanza, jina Seiko 5 lilianza 1963, na uso wa saa umeandikwa Seiko 5 wazi. Pili, mashine 6119 ilikuwa bado kutengenezwa. Tatu, katika miaka ya 60 Seiko walikuwa wakiandika namba ya mfululizo ya tarakimu saba, na hii ina sita. Nne, maneno ya nyuma yanasema saa inastahimili maji, hayasema kwamba maji hayapiti. Ahadi ile ya zamani Seiko waliiacha karibu na mwaka 1970.

Nikafikiria pia kama mfuniko umebadilishwa. Hilo hutokea sana, saa mbili mbovu zinazaa moja nzima, na kule India kuna mafundi wanaopaka nyuso za Seiko rangi mpya kabisa kwa mikono. Fundi akafungua. Juu ya mashine imeandikwa 6119. Chini ya uso, pembeni kabisa kwa maandishi ya kusomwa kwa lenzi, 6119 tena. Mfuniko, mashine na uso vinakubaliana. Hii ni saa moja, iliyozaliwa pamoja, Machi 1971.

Miaka kumi baada ya Uhuru! Baba mkubwa akakaa kimya. Mimi nikafikiria ukurasa ulio ukutani kwa mama.

Ndipo fundi akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa anairudishia siku na tarehe. Kwenye mashine ile hauvuti kile kifundo cha pembeni, unakibonyeza: kidogo kwa tarehe, mpaka mwisho kwa siku. Akabonyeza. MON. Akabonyeza. LUN. Akabonyeza tena. TUE, kisha MAR. Seiko walikuwa wakitengeneza gurudumu la siku lenye lugha mbili, Kiingereza na lugha ya pili kulingana na soko: zilizokwenda Ghuba zilipewa Kiarabu, nyingine Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano. Mwenye saa anachagua moja, ile nyingine inapita katikati ya usiku bila kuonekana. Babu alikuwa amechagua Kiingereza maisha yake yote, kwa hiyo hakuna aliyejua. LUN na MAR zinaweza kuwa za lugha tatu. Fundi akaendelea. MER. Hapo Kihispania kikatoka. JEU. Kiitaliano nacho kikatoka.

Kifaransa. Nani aliuza saa ya Kifaransa Ujiji?

Tazama ramani. Kusini ya Ziwa Tanganyika ni Zambia, mashariki sisi, magharibi Kongo, kaskazini Burundi. Nchi mbili kati ya nne za ziwa hili zinasoma Kifaransa. Kwa hiyo saa yetu huenda haikuja na treni kutoka Dar. Huenda ilikuja na maji. Sikutaka kukimbia, nilishakimbia mara moja nikaanguka. Saa yenye siku za Kifaransa inaweza kuuzwa Kanada ikafika Kigoma kwa njia zake, na gurudumu la siku hubadilishwa na fundi yeyote mwenye vipuri. Niliandika kwenye daftari: ziwa, labda.

Jioni ile tuliporudi, baba mkubwa akaenda kulala mapema. Mimi nikabaki na bibi jikoni, anapindua migebuka kwenye mafuta ya mawese. Sikumuuliza saa ilitoka wapi. Nimejifunza kazini kwamba ukimuuliza mtu swali kubwa atakupa jibu lililozoeleka. Nikamuuliza kitu kidogo: bibi, siku ya kwanza babu alipokuja na saa, ilikuwa inafanya kazi?

Akacheka. Akasema ilikuwa mbovu. Yaani ilikuwa inakwenda, tiki tiki, lakini ilichelewa. Jirani alikuwa na redio, na usiku ule walikwenda kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, Radio Tanzania. Babu akaitoa saa aonyeshe watu. Redio ikasema saa mbili kamili, saa yake inasema saa moja kamili. Watu wakamcheka, kauziwa saa mbovu. Yeye akairekebisha kwa redio, na kuanzia hapo haikuchelewa tena.

Msomaji, kama hujawahi kuvuka mpaka ule huenda jambo hili limekupita. Saa mbovu haichelewi dakika sitini kamili halafu ikapona. Burundi wako saa moja nyuma yetu. Na mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, vilevile. Saa ile haikuwa mbovu. Ilikuwa sahihi kabisa, kwa majira ya kwao.

Kuna jambo lingine. Saa ya aina hii haina betri, inajijaza kwa mtikisiko wa mkono. Ukiivua ukaiweka mezani, inakwenda siku moja na nusu, kama mbili, kisha inasimama, na mwenye kuiwasha tena ataiwekea majira ya mahali alipo. Saa iliyofika Kidahwe ikiwa hai na bado inasoma majira ya ng'ambo ilikuwa imevuliwa kwenye mkono wa mtu siku hiyo au jana yake. Na mtu huyo alikuwa amevuka karibuni mno kiasi kwamba hakuwa amepata wasaa wa kuisogeza mbele.

Nikamuuliza bibi ilikuwa mwaka gani. Wazee wetu hawasemi namba, wanasema matukio. Akasema: mwaka wa Warundi, kabla hatujahamishwa.

Mwaka huo unajulikana, na ni 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulianza kusini mwa Burundi, maeneo ya kando ya ziwa kama Rumonge na Nyanza-Lac. Jeshi la serikali ya Michel Micombero lilijibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, na waliotafutwa hasa walikuwa wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi. Wanahistoria wanakadiria waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Walioweza walikimbia, kwa miguu na kwa mitumbwi, na wengi waliingia kwetu Kigoma. "Kuhamishwa" ni Operesheni Kigoma, ambayo ilianza mwaka huohuo wa 1972: mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya ujamaa. Bibi na babu walibomoa nyumba yao wakaanza upya. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mkoa mzima ulikuwa barabarani, wageni wanaingia na wenyeji wanasogezwa. Sikuwahi kuyaweka matukio hayo mawili kwenye ukurasa mmoja mpaka nilipokaa kwenye kile kigoda.

Kisha bibi akanieleza bila kuulizwa. Babu alikwenda Kigoma na muhogo, gunia, kuuza. Pale bandarini kulikuwa na watu wengi wamekaa chini. Mwanaume mmoja aliyevaa suruali nzuri na hana viatu akamfuata. Alikuwa na mtoto mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, lakini Kiha na Kirundi ni ndugu, wakaelewana. Akavua saa. Babu akampa gunia lote la muhogo na fedha alizokuwa nazo mfukoni, si nyingi. Yule mtu hakubishana bei.

"Babu yako aliona haya," bibi akasema. "Siku ile hakuona. Alifurahi. Haya ilikuja baadaye."

Ilikuja walipohamishwa wao. Anasema babu alirudi bandarini mara mbili kumtafuta yule mtu ili amrudishie, akaambiwa wale wameshachukuliwa, wamepelekwa kwenye makazi huko Tabora. Ulyankulu ilifunguliwa kwa ajili yao, halafu Katumba upande wa Mpanda, na mwaka 1978 Mishamo. Babu hakuwa na nauli ya kwenda kutafuta mtu asiyemjua jina. Akaanza kuwaambia watoto kwamba aliinunua Ujiji. Uhuru uliingia baadaye, bibi hakumbuki lini, anadhani ni mtoto mmoja aliyeuliza shuleni wanafundishwa Uhuru, babu wakati ule ulikuwa na saa? Naye akasema ndiyo.

Nilipomwambia baba mkubwa asubuhi, alisikiliza mpaka mwisho huku amekishika kile kopo la chai. Akasema, "Mimi ndiye niliyeuliza." Hakusema lingine, akaenda shambani.

Nilipofika Dar nikamwomba mhariri turekebishe. Simlaumu sana. Alisema habari ya miaka ile hakuna anayeikumbuka na masahihisho yatawachanganya wasomaji. Kwa hiyo narekebisha hapa, kwa jina langu. Niliandika kwamba saa ile ilinunuliwa Ujiji mwaka 1961. Si kweli. Ilitengenezwa Japani Machi 1971, na ilifika mikononi mwa babu bandarini Kigoma mwaka 1972, kwa gunia la muhogo na fedha kidogo, kutoka kwa mkimbizi wa Burundi. Tarehe ya kiwandani imesemwa na namba. Mengine yamesemwa na bibi, na namba hazimpingi. Niliandika pia kwamba babu aliitazama kusubiri saa sita usiku. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililitunga mimi, kwa sababu lilipendeza.

Mzee wa Muscat nilimwandikia yote. Alijibu kwa mstari mmoja, akaniuliza kama kuna mikwaruzo ndani ya mfuniko.

Ipo. Mafundi saa wana desturi, wakifungua saa kuitengeneza, kukwaruza alama ndogo ndani ya mfuniko kwa ncha ya sindano: tarehe, herufi, alama yao wenyewe, ili ikirudi wajue ni ya nani. Fundi wa Kigoma alinionyesha alama moja ambayo anasema si ya mafundi. Imekwaruzwa kwa uangalifu na inasomeka. Sitaiweka picha yake hapa wala sitaeleza inasema nini. Aliyeiandika, au mtu wa nyumbani kwake, ataijua.

Serikali yetu iliwapa uraia zaidi ya 160,000 wa wale waliokuja 1972 na watoto wao, uamuzi wa 2010. Yule mtoto wa mgongoni, kama alipona, sasa ana miaka hamsini na kitu, na huenda ana kitambulisho cha Taifa kama changu. Saa imerudi kwenye kopo lake. Bibi amesema isivaliwe Idi hii. Likizo yangu inaanza mwezi ujao na nitaanzia Ulyankulu. Kama una ndugu kule, au Katumba, au Mishamo, ambaye baba yake aliwahi kusema aliacha saa Kigoma mwaka ule, niandikie, uniambie ndani ya mfuniko kumeandikwa nini.